Watu wa amri 29



Siku ya Mungu moja, nyuma ya ibada, kijana mumoja wa korali alinifuata kwenye mulango wa kanisa. Akaniuliza: "Pasta, bale Bahindu banaabuduka ng'ombe tu? Beko na amri kama shiye?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona anataka kujua kweli. Nikamuahidi kwamba nitajibu katika ukurasa huu, kusudi jamaa zote zipate jibu pamoja.

Kwanza tusahihishe neno moja. Hapa kwetu tunachanganya Muhindi na Muhindu. Muhindi ni mutu wa inchi ya India. Muhindu ni mutu wa dini ya Kihindu. Si kila Muhindi ni Muhindu. Katika India kuna Waislamu wengi sana, kuna watu wa dini ya Sikh, na kuna ndugu zetu Wakristo pia. Wale wa upande wa Kerala, kusini, wanasimulia tangu zamani kwamba Injili ililetwa kwao na mutume Toma mwenyewe. Lakini Wahindu ndio wengi. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilipata Wahindu karibu milioni 966 katika India. Na wakati ule, katika kila Wahindi 10, karibu 7 walikuwa watu wa vijiji.

Watu wengi namna hiyo hawawezi kuwa na desturi moja. Mutu akisema "Wahindu wanafanya hivi", ni kama mugeni anayesema "Waafrika wanafanya hivi". Basi leo sitaeleza Wahindu wote. Nitaeleza watu wa vijiji wa namna moja tu. Wanaitwa Wabishnoi.

Wanaishi zaidi katika jimbo la Rajasthan, magharibi ya India, pembeni na ndani ya jangwa la Thar. Ni inchi ya muchanga na ya jua kali. Mvua inakuja miezi michache tu, tangu mwezi wa 7 mupaka mwezi wa 9, na miaka mingine inakosa. Watu wanalima mawele, wanafuga ng'ombe, nyati wa maziwa na mbuzi. Maji ya mvua wanayaweka katika matangi waliyochimba chini ya udongo. Wamama wanavaa nguo za rangi nyekundu na za machungwa, wanaonekana toka mbali. Wazee wanavaa nguo nyeupe na kilemba kichwani.

Katika inchi hiyo kuna muti mumoja wanaouita khejri. Ni muti wa miiba, hauna urembo mukubwa. Lakini mizizi yake inashuka chini sana kutafuta maji, na hivi unabaki mubichi wakati kila kitu kimekauka. Majani yake ni chakula cha mbuzi na ngamia. Matunda yake, yenye kuwa kama maharagi marefu, wanayaita sangri. Wanayakausha na kuyapika kama mboga. Mawele yanaota vizuri chini yake. Wakati wa njaa, khejri imeokoa watu wengi kule. Mwaka 1983 serikali ya Rajasthan iliuchagua kuwa muti wa jimbo lote.

Sasa tusikie namna imani yao ilivyoanza. Mwaka 1451, katika kijiji cha Pipasar, alizaliwa mutoto jina lake Jambhoji. Wengine wanamuita Guru Jambheshwar. Alikuwa muchungaji wa ng'ombe. Wanasimulia kwamba aliona ukame mukubwa: watu walikata miti kulisha wanyama na kupata feza, na miti ilipokwisha, wanyama wakafa, kiisha watu wakatawanyika. Mwaka 1485, juu ya kilima cha muchanga kinachoitwa Samrathal, alikusanya watu na kuwapa amri 29. Katika luga yao "bish" ni makumi mbili na "noi" ni tisa. Jina la Bishnoi limetoka hapo. Mutu akitaja kabila lake, anataja hesabu ya amri zake.

Amri hizo ni za namna gani? Nyingine ni za kuabudu: kuoga asubuhi mapema, kuomba asubuhi na mangaribi, kutaja jina la Vishnu, kufunga chakula siku ambayo mwezi hauonekani mbinguni. Nyingine ni za tabia: usiibe, usiseme uongo, usisingizie mutu, usigombane bure, samehe, fikiri mbele ya kusema. Nyingine zinakataza tumbako, bangi, afyuni na pombe. Hawali nyama.

Kiisha kuna zile za nyumbani, na hapo ninaomba wababa wasikilize. Mama akizaa, yeye na mutoto wanawekwa pembeni siku 30. Hatumikishwi kazi za nyumba, hapiki. Maji na maziwa yanachujwa kwa kitambaa mbele ya kunywa. Kuni zinachunguzwa mbele ya kuwekwa motoni, kusudi wadudu wasiungue. Mbuzi na kondoo dume wanajengewa zizi la pamoja, wasichinjwe. Na kuna amri inayokataza kukata muti mubichi. Kupunguza matawi kwa chakula cha mifugo wanaweza, lakini muti unabaki umesimama. Kuni zao ni miti iliyokwisha kufa na mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa. Tena Wahindu wengi wanachoma wafu wao kwa kuni, lakini Wabishnoi wanawazika katika udongo kama sisi.

Kwa hiyo, kijana wetu wa korali, jibu ni hili: ndiyo, wako na amri. Na hawaabudu ng'ombe. Wanaomba Vishnu, na katika mahekalu yao mengi hautakuta sanamu. Wanawasha moto mudogo wa sala kwa siagi ya ng'ombe. Mara mbili kwa mwaka, maelfu na maelfu wanakusanyika Mukam, pahali Jambhoji alipozikwa nyuma ya kufa mwaka 1536.

Lakini amri ni jambo moja. Siku ya kujaribiwa ni jambo lingine. Wabishnoi walijaribiwa mwaka 1730.

Wakati ule mufalme wa Jodhpur aliitwa Abhai Singh. Alitaka jengo mupya la kifalme. Kwa kujenga alihitaji chokaa, na chokaa inachomwa kwa moto mukubwa, na moto unataka kuni nyingi. Waziri wake, Giridhar Bhandari, alituma watu wenye mashoka kwenye kijiji cha Khejarli, karibu kilometa 26 kutoka Jodhpur, kwa sababu kule khejri zilikuwa nyingi. Ni wazi kwa nini zilikuwa nyingi: wenyeji walikuwa wamezilinda karibu miaka 250.

Mama mumoja, Amrita Devi, alitoka nyumbani kwake akawakataza. Masimulizi yao yanasema kwamba wale watu walimuambia: kama unataka muti wako ubaki, toa feza kidogo. Ninyi wote munajua hiyo inaitwaje kwetu: matabishi. Mama alikataa. Alisema kutoa feza hiyo ni kuzarau imani yake. Akakumbatia muti. Akasema kama kichwa cha mutu kikitolewa na muti ukapona, bei si kubwa. Wakamukata. Mabinti zake watatu, Asu, Ratni na Bhagu, wakashika miti vilevile, wakauawa.

Habari ilienea. Wabishnoi wakaja toka vijiji 83, wanaume na wanawake, wazee na vijana, kila mutu akashika muti. Hawakuleta silaha. Walikufa watu 363. Mufalme aliposikia, alisimamisha kazi, akaomba musamaha. Akatoa sheria ya kukataza kukata miti na kuwinda nyama katika vijiji vya Wabishnoi. Wanasimulia kwamba sheria hiyo iliandikwa juu ya bamba la shaba. Sisi wa inchi ya shaba tunajua kwamba chuma hicho hakiozi haraka.

Mupaka leo watu wanakusanyika Khejarli kila mwaka kuwakumbuka. Mwaka 2013 serikali ya India ilichagua tarehe 11 ya mwezi wa 9 kuwa siku ya inchi nzima ya kukumbuka watu waliokufa kwa kulinda pori. Na Wabishnoi hawakuacha kazi. Mwaka 1998 mucheza-filamu mumoja mwenye jina kubwa sana kule alishitakiwa kwamba aliua swala weusi karibu na kijiji chao. Walifuata kesi miaka 20. Mwaka 2018 tribinali ya Jodhpur ikamuhukumu miaka 5 ya kifungo. Yeye akakata rufani. Watu wa kijiji walisimama mbele ya mutu tajiri juu ya swala wawili! Kule swala wanatembea karibu na nyumba bila woga, na inajulikana kwamba wamama wamenyonyesha watoto wa swala waliokosa mama yao.

Tena katika miaka hii ya 2020, shoka limerudi kwa sura ingine. Katika Rajasthan makampuni yanafungua mashamba makubwa ya mabamba ya kutengeneza umeme wa jua, na khejri nyingi zimekatwa kwa kutoa nafasi. Wabishnoi wameandamana. Umeme wa jua ni kitu kizuri. Dunia inauhitaji, na kobalti ya kwetu inaingia katika betri za dunia hiyo mupya. Lakini muone: mwaka 1730 ilikuwa nyumba ya mufalme, sasa ni umeme safi. Shoka mara nyingi linakuja na sababu nzuri.

Wapenzi, hapa ninapaswa kusema jambo langu mwenyewe.

Wakati tulipojenga kanisa letu, tulihitaji matofali ya kuchoma. Makala na kuni zilikuwa bei. Nyuma ya kijiji, karibu na kisima, kulikuwa miti mikubwa, muputu na mubanga, yenye wazee hawakuigusa tangu zamani. Mimi ndiye niliyetuma vijana. Niliomba mbele yao, nikabariki mashoka. Mama muzee mumoja, mukristo wa siku nyingi, alikuja na ndoo yake, akasimama akituangalia. Akasema: "Pasta, munakata miti ya kisima juu ya kujenga nyumba ya Mungu. Na kisima, ni ya nani?" Nikamujibu haraka: "Mama, ni kazi ya Bwana." Akabeba ndoo yake, akaenda. Hakuongeza neno.

Kanisa ni zuri. Ukuta hauna ufa. Lakini mwezi wa 9 na wa 10, mbele ya mvua kuanza, kisima kinabaki matope. Wamama wanaamuka saa kumi ya usiku kutafuta maji mbali, na siku ya Mungu ninawaona wanasinzia wakati wa mahubiri. Miaka mingine kilikauka hata zamani. Siwezi kusema ni miti peke yake. Lakini kila mara ninapoona mama anasinzia, ninasikia lile ulizo. Yule mama amekwisha kufa. Sikumujibu vizuri.

Niliposoma habari za Khejarli, nilijiona pahali pabaya. Si pahali pa Amrita Devi. Nilijiona kati ya wale wenye mashoka, na neno la Mungu kinywani.

Sasa mutu anaweza kusema: "Pasta, unatufundisha upagani?" Hapana. Tuseme wazi. Sisi hatuamini kwamba mutu anaokolewa kwa kushika amri, zikiwa 10 ao 29. Tunaokolewa kwa neema, kwa damu ya Yesu Kristo, na hakuna jina lingine. Hatuombi Vishnu. Hatuachi kula nyama kwa sababu ya imani. Na hakuna mutu anayelazimishwa kufikiri kwamba uzima wa muti ni sawa na uzima wa mutoto wake. Kwa mambo hayo tunaachana nao, na kama tungekaa nao tungewashuhudia Kristo kwa upole.

Lakini Bwana wetu mwenyewe alifanya nini? Aliwaambia Wayahudi kwamba watu wa Ninawi na malkia wa kusini watasimama siku ya hukumu kuwaaibisha wao wenye kuwa na Maandiko. Alimusifu jemadari Muroma. Alimuweka Musamaria kuwa mufano. Bwana hakuogopa kuonyesha mema ya watu wa inje, kusudi watu wa ndani waamuke. Tena jambo la miti si geni katika Biblia yetu. Katika bustani, mutu aliwekwa kwa kuilima na kuitunza. Na katika Torati, Mungu aliwakataza Waisraeli kukata miti ya matunda hata wakati wa vita, wakiuzunguka muji wa adui. Kama vita haikuwa sababu ya kutosha, matofali yangu yalikuwa sababu gani?

Ninajua maisha yetu. Ninajua baba aliyeachishwa kazi, mwenye kusukuma kinga yenye mifuko ya makala toka pori mupaka muji, na mifuko hiyo ndiyo inalipa masomo ya watoto. Ninajua mama anapikia bukari juu ya mbabula, kwa sababu umeme unapita juu ya kichwa chake kwenda kwenye mashini na hauingii kwake. Hata chakula changu kinapikwa na makala. Siwezi kusimama kwenye mimbara na kumuambia baba huyo: "Acha leo." Nitalisha watoto wake na nini?

Lakini wazee wetu wanakumbuka pori lilikuwa karibu na nyumba. Leo mutu wa makala anatembea siku nzima mbele ya kukuta muti wa kutosha. Finkubala, uyoga, asali na masuku vimeenda pamoja na miti. Siku moja baba huyo atasukuma kinga mupaka atafika pahali pasipo na muti, na masomo ya watoto hayatalipwa na makala wala na asali. Ndilo Jambhoji aliloona kule jangwani, kwa watu wa maskini kama sisi.

Wabishnoi walifanya amri zao kuwa kazi ya kila siku. Mutoto anamuona mama yake akichunguza kuni kila asubuhi. Anamuona baba yake akipunguza matawi na kuacha muti. Hivi, siku ya shoka, Amrita Devi hakuhitaji kuitisha kikao. Alikuwa amekwisha kujua. Sisi tunahubiri sana siku ya Mungu, lakini siku ya kwanza ya kazi mukono unafanya yaleyale ya watu wote.

Basi tuanze na kidogo. Muti mingi ya pori letu inachipuka tena kutoka kisiki, kama kisiki hakingolewi na kama moto wa mwisho wa kiangazi hauchomi machipukizi. Mutu wa makala anaweza kuacha visiki vyake, na vijana wa kanisa wanaweza kukata majani kuvizunguka mbele ya wakati wa mioto. Miti ya kisima na ya mutoni isiguswe na mutu, hata akija na barua ya kanisa. Kila mutoto anayebatizwa ao kubarikiwa, jamaa ipande muti mumoja na kuumwangilia mupaka ushike. Sisi tumeanza pembeni ya kisima kile. Tulipanda miche 40. Mbuzi walikula mingi, 17 inasimama. Haitoshi kuwa jibu kwa yule mama, lakini ninaimwangilia mimi mwenyewe, situmi vijana.

Maulizo kwa jamaa, mangaribi nyuma ya chakula:

1. Katika amri tunazofuata, ni gani inaonekana kwa mikono yetu kila siku, hata mutoto mudogo anaiona?

2. Mama akizaa kwetu, anapumzika siku ngapi? Nani anapika?

3. Kuna jambo gani tumelifanya kwa jina la Mungu, na mutu mudogo alituuliza ulizo, tukamujibu haraka?

Musome pamoja: Mwanzo 2:15, Kumbukumbu la Torati 20:19, Matayo 12:41-42.

Bwana awabariki, alinde nyumba zenu na visima vyenu.